Ardis Kvistad na Maili Moja ya Umma

Mchungaji wetu, wafiwa, majirani wa Nordby na wa Wilaya yote ya Brandvold, na nyinyi mliokuwa barabarani tangu alfajiri kutoka Sioux Falls na Minneapolis, poleni na msiba na asanteni kwa kuja. Kwa wachache wasionijua, mimi ni Orvin Kvistad, mdogo wake Delmar, aliyekuwa mume wa marehemu, kwa hiyo marehemu ni shemeji yangu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu ndimi mzee niliyebaki, na kwa sababu Marlys, binti wa marehemu, anasema sauti yangu inafika viti vya nyuma hata nikinong'ona. Karatasi ameiandika yeye, tarehe na mahali ni vyake na ni sahihi, na pale nitakapoiacha karatasi nikasema ya kwangu mtajua wenyewe, maana Marlys atanikazia macho.

Marehemu Ardis Elvira Kvistad, ambaye kwao aliitwa Rovelstad, alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 3 Machi 1943, katika nyumba ya wazazi wake maili saba mashariki mwa Nordby, hapa hapa Dakota ya Kusini, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Palmer na Mama Gudrun Rovelstad, wakati wa theluji nzito kiasi kwamba daktari aliifikia nyumba kesho yake mchana, akamkuta mtoto ameshaogeshwa, mama yu wima jikoni anakaanga mayai, na daktari akaambiwa akae ale kwanza. Alibatizwa katika kanisa hili tarehe 11 Aprili mwaka huo huo, na humu humu akapata kipaimara mwaka 1957.

Marehemu alianza masomo mwaka 1949 katika shule ya chumba kimoja ya mashambani, akamaliza darasa la nane mwaka 1957, akajiunga na sekondari ya Nordby na kuhitimu mwezi Mei 1961, wa pili katika darasa la watu kumi na tisa, na wa kwanza alikuwa Gaylen Pfeifle, ambaye leo ni mwenyekiti wa madiwani wa wilaya na amekaa pale safu ya pili, na ambaye Ardis alimwambia kwa miaka sitini, kila walipokutana dukani, kwamba alimwibia jibu la hesabu. Baada ya mwaka mmoja wa chuo cha ualimu alifundisha shule ya mashambani kwa mwaka mmoja, akaolewa, na kuanzia Septemba 1976 hadi Mei 2005 alikuwa mpishi wa shule ya Nordby, yaani kila mtu aliyesoma hapa kwa miaka ile ameshiba kwa mkono wake, na wapo humu ndani waliowahi kurudishwa mezani wakamalize karoti.

Ndoa yake na kaka yangu Delmar ilifungwa mbele ya altare hii Jumamosi, tarehe 15 Juni 1963, wakahamia kwenye shamba letu la kaskazini, wakajaliwa watoto wawili, Marlys aliyezaliwa tarehe 9 Mei 1966, na Curtis aliyezaliwa tarehe 12 Agosti 1971 kwa upasuaji, uzazi mgumu uliomweka marehemu hospitali siku tisa. Delmar alitutoka tarehe 2 Februari 1999 kwa moyo kusimama, akiwa ghalani anatengeneza trekta, na tangu siku hiyo marehemu aliishi peke yake katika nyumba ile, shamba la mahindi akalikodisha kwa jirani, mwenyewe akabaki na bustani, kuku, mbwa, na mlango.

Huo mlango lazima niuseme, maana nusu ya wageni waliomo humu walimjua marehemu wakiwa wamesimama mbele yake kofia mkononi. Mnajua desturi yetu, mtu anayetaka kuwinda fezanti, wale ndege wenye mkia mrefu, katika nyasi za mwenzake anakwenda kwanza nyumbani, anapiga hodi, anasema jina lake na ni mtoto wa nani, na jioni anapita tena kuonyesha alichopata na kuacha ndege mmoja aliyenyonyolewa. Kwa Ardis walipiga hodi wengi kuliko nyumba yoyote wilayani, kwa sababu maili moja kaskazini mwa jiko lake, mwisho wa njia iliyopita kando ya shamba la Delmar, zipo ekari elfu moja mia mbili na themanini za nyasi ambazo si za mtu, ni mali ya umma, zenye fezanti na kwale kuliko mahali popote ninapopajua, na kuzifikia ilibidi upite langoni kwake. Marehemu hakumkatalia mtu, awe daktari wa mjini mwenye bunduki ya fedha nyingi, awe kijana wa kiwanda cha nyama mwenye bunduki ya kuazima iliyofungwa kwa utepe wa gundi, wote aliwapa kahawa, wote aliwaambia, "Pita, baba, funga lango nyuma yako, na fezanti jike usimguse," na wote waliandika majina yao katika daftari lililofungwa kwa uzi karibu na simu.

Jumamosi ya kufungua msimu mwaka 1978, kwa mujibu wa daftari hilo, walipita watu sitini na mmoja, magari yalijaa ua mpaka mlango wa banda, Delmar akalalamika kwamba ameamka nyumbani kwake akakosa pa kukojoa. Mwaka 1998 walipita kumi na wanane. Mwaka 2018 walipita watatu, na mmoja kati yao, marehemu alinisimulia akicheka mpaka machozi, alikuwa amekuja kuuliza njia ya kwenda Aberdeen. Hayo hayakutokea kwa bahati mbaya, mahindi na soya vimelimwa mpaka ukingoni mwa barabara, mabwawa yamekaushwa, vijana wamehamia mijini na watoto wao hawajui nyasi ndefu zinavyokwaruza magoti, na ardhi iliyobaki na ndege imekodiwa na kampuni, bango juu ya bango, usipite, usipite, usipite. Kampuni hizo hufuga ndege vibandani na kuwafungulia asubuhi kwa ajili ya wageni waliolipia, na marehemu alikuwa akisema ndege wa namna hiyo anashangaa tu pale chini kama abiria aliyeshushwa kituo kisicho chake, ati huko nako ni kuwinda.

Basi kampuni moja ya aina hiyo, sitaitaja hapa kanisani, ilinunua ardhi zote zinazozizunguka zile nyasi za umma, mashariki, magharibi na kaskazini, na mwezi Februari 2021 ikapeleka ombi kwa madiwani kwamba ile njia ya kusini, ile inayopita kwa Ardis, ifutwe kwenye ramani ya wilaya. Marehemu alishangaa, akauliza inafutwaje njia ambayo ni ya kwetu sisi, akaenda ofisi ya wilaya akaomba ramani ya zamani, akaikunjua mezani kwa karani, na pale ndipo alipoona kitu ambacho hakuna aliyemwambia kwa miaka hamsini na minane aliyokaa katika nyumba ile. Ile njia haikuwa ya Kvistad. Ilikuwa njia ya mpaka, zile futi sitini na sita ambazo sheria imeziacha kila maili kati ya kipande cha mtu na cha jirani yake, mali ya kila mtu, hata kama haijamwagwa kifusi wala kupitwa na gurudumu. Delmar alimwambia ni ardhi ya babu yetu, na kwamba babu aliwaachia watu wapite kwa hisani, na Ardis kwa moyo mweupe akaiendeleza hisani hiyo, akawapa watu kwa nusu karne ruhusa ya kupita katika kitu chao wenyewe.

Marlys ananitazama, lakini naendelea. Siku ile ile alikuja kwangu, hakuvua hata koti, akaniuliza, "Orvin, nilipokwenda kujifungua Curtis ile njia ilikuwa wazi, niliporudi na mtoto nilikuta seng'enge na lango, na majani yamelimwa. Aliyehamisha ule ua ni nani?" Nikamwambia, "Shemeji, hayo ni mambo ya zamani, sikumbuki." Akaniangalia. Mimi ni mtu ninayekumbuka matokeo ya kila mechi ya sekondari ya Nordby tangu 1956, na yeye alijua, akasema, "Haya," akanywa kahawa yake, akaondoka.

Kikao cha madiwani watano kilifanyika Jumanne, tarehe 4 Mei 2021, ukumbi ukajaa, na marehemu akiwa na umri wa miaka sabini na minane alikwenda akiwa amevaa nguo yake ya Pasaka na daftari lake kifuani, kwa sababu aliamini daftari ndilo litakaloiokoa njia, majina elfu mbili na ushee ya watu walioitumia, nani angebisha. Wakili wa kampuni alilipokea kwa heshima, akalifunua taratibu, akamwuliza kwa upole kabisa, "Mama, hawa wote walipiga hodi kwako kuomba ruhusa?" Akajibu, "Wote, tena kwa adabu." Wakili akasema, "Barabara ya umma huombwa ruhusa, mama?" Mimi nilikuwa safu ya tatu, kofia juu ya goti, nikaona wema wake wote wa miaka hamsini unageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake.

Ningekuwa mimi ningekaa chini. Yeye alishika meza akasema hivi, na maneno haya karani aliyaandika, "Niliwakosea. Niliwapa ruhusa ya kitu chao, kwa sababu mume wangu aliifunga hiyo njia mwezi Agosti 1971 nikiwa hospitali, akaniambia ni ya kwao, nikamwamini. Ruhusa yangu nikifa inakufa na mimi, watoto wangu wako mbali na shamba litauzwa. Njia haifi mpaka nyinyi watano muiue." Wakili akauliza kama alimwona mumewe akihamisha ua, akasema hapana, alikuwa kitandani na mshono tumboni, wakili akauliza kama yupo aliyeona, na marehemu hakugeuza shingo, hakunitazama hata kwa pembe ya jicho, akasema, "Kama yupo, atasema mwenyewe." Madiwani wakaahirisha, wakisema neno la mjane peke yake halitoshi, mtu mwingine akipatikana alete ushahidi, na wameahirisha tena mara mbili tangu hapo.

Nje kwenye maegesho nilimfuata, nikamwambia maneno ambayo leo nayaona aibu, nikasema, "Umemwanika kaka yangu mbele ya wilaya nzima, mtu aliyekufa, asiyeweza kujitetea." Akafungua mlango wa pikapu yake, akajibu bila kupandisha sauti, "Orvin, mimi nimelala na Delmar miaka thelathini na mitano, najua alivyokuwa mzuri kuliko unavyojua wewe. Angekuwa hai angesimama kabla yangu. Wewe je?" Sikuongea naye miaka miwili na ushee. Tulikuwa tunakaa kanisa hili moja, yeye upande ule, mimi upande huu, na siku za chakula cha pamoja pale ukumbi wa chini nilikuwa naruka sahani yake, na wote mnajua ile sahani yake ya fezanti na krimu, kwa hiyo mnajua nilijiadhibu kiasi gani.

Yeye hakununa. Mwezi Oktoba 2021, akisaidiwa na Marlys, alikata seng'enge yake mwenyewe kwa koleo, akang'oa nguzo mia moja na nne kwa mnyororo na trekta ya Delmar, akaliondoa lango, na mwaka uliofuata mahindi hayakupandwa katika futi zile sitini na sita, zikaota nyasi. Daftari alilifunga akaliweka kabatini. Kila aliyepiga hodi msimu ule alifunguliwa akapewa kahawa yake kama kawaida, ila ruhusa hakupewa, aliambiwa, "Sina cha kukupa, baba, ni yako, nenda," na wengine walisimama pale barazani wakizungusha kofia, hawajui wafanye nini na miguu yao.

Marehemu alianza kuugua mwezi Januari mwaka huu wa 2023, akadhani ni vidonda vya tumbo, na tarehe 21 Februari madaktari wakagundua saratani ya kongosho, ambayo ilikuwa imekwisha kusambaa. Alikataa matibabu ya kumlaza mbali na nyumbani, akasema ana shughuli, na kweli alikuwa nayo, alipanda viazi mwezi Mei, alikwenda kikao cha madiwani mwezi Juni akiwa katika kiti cha magurudumu, na mpaka Agosti alikuwa bado anamkosoa Curtis namna ya kumenya rubabu, ile mboga chachu ya kutilia pai. Mimi nilikwenda kumwona tarehe 30 Septemba, nikiwa nimejipanga njia nzima nitakachosema, nikaingia, nikaketi, nikaongea habari za mvua. Nikaongea habari za bei ya soya. Akanisikiliza saa nzima, amekonda, macho yale yale, na nilipoinuka akasema, "Umekuja, Orvin, ni vizuri. Kahawa iko jikoni, na mkate wa viazi umo kwenye bati." Hakuniuliza tena. Aliaga dunia Jumapili, tarehe 8 Oktoba 2023, saa moja kasorobo asubuhi, nyumbani kwake, watoto wote wawili wakiwa wamemshika mikono, akiwa na umri wa miaka themanini, miezi saba na siku tano, na ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, kitukuu mmoja, na shemeji mmoja.

Hapa karatasi ya Marlys inasema niingie kwenye shukrani, nitaingia, lakini historia ya mtu inatakiwa iwe kamili na hii ina pengo ambalo ni mimi peke yangu ninayeweza kuliziba. Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1971, siku mbili baada ya Curtis kuzaliwa, kaka yangu Delmar Kvistad na mimi tulihamisha ua, tukaifunga njia ile kuanzia mwisho wa kusini. Delmar alichimba mashimo, mimi nilivuta waya na kupigilia misumari. Jumapili baada ya ibada, tena tumetoka kanisa hili, tukamalizia ua mpaka mwisho wa kaskazini, na Jumatatu nikapitisha jembe mimi mwenyewe kwa trekta ya baba, kwa sababu Delmar alikuwa amenunua mashine mpya ya kupandia na alitaka safu zinyooke. Na tulijua. Msiseme vijana wale hawakujua, baba alikuwa ametuonyesha mawe ya mpaka tangu tukiwa wadogo. Nilimwuliza, "Delmar, hii si ni ya umma?" Akaangalia kaskazini, akaangalia kusini, akasema, "Umma uko wapi?" Tukacheka wote wawili, tukaendelea kupigilia.

Alikuwa mtu mwema, kaka yangu, na nyote mliomjua mnalijua hilo, na kucheka kwetu siku ile kumemgharimu mke wake jina lake mbele ya watu huku mimi nimekaa safu ya tatu na kofia yangu. Hakunitaja. Angeweza kunitaja siku yoyote, mezani, sokoni, kwa Marlys, kwa mchungaji, na Marlys nimemwona sasa hivi amefunika mdomo kwa mkono, kwa hiyo mnaona kwamba hata yeye hakuambiwa.

Sasa shukrani. Familia inamshukuru daktari na wauguzi waliokuja nyumbani kila siku ya Mungu bila kujali vumbi la barabara, inawashukuru majirani waliovuna, waliolisha kuku na kutembeza mbwa, inawashukuru wapishi wenzake wa shule waliopika leo, chakula kipo ukumbi wa chini na hakuna kuondoka bila kula, inamshukuru mchungaji, inawashukuru wawindaji, wengine sijawaona tangu mkiwa na nywele, mliokuja wengi kiasi hiki mpaka mmesimama ukutani. Na inawashukuru madiwani watano wa wilaya kwa kuja kumzika mtu aliyewasumbua. Gaylen, nyote watano mko ndani, nimewahesabu, na kikao chenu ni Jumanne, tarehe 17, saa tatu asubuhi. Niliyoyasema hapa nitayarudia pale nikiwa nimeapa, tarehe kwa tarehe, na wakili aniulize anachotaka. Nyinyi mliosimama ukutani, njooni, mkae mbele, kwa sababu kaka yangu aliuliza swali na nataka Jumanne lijibiwe.

Pumzika, Ardis. Ulisimama peke yako muda wa kutosha, shemeji, sasa nasimama mimi.